Kitambaa Cheupe cha Mama Elia

Siku mliyoniaga pale Lilongwe mliniomba niandike kazi yetu ilivyoanza, ili watakaokuja nyuma wasihangaike kuuliza. Nimekubali. Sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa sikuvipata vingi, wala za mshahara, maana mnaujua. Nitaandika kuhusu vifaa, kuhusu maua, na kuhusu mtu mmoja ambaye ninyi hamkumkuta. Na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Nimewaonea wivu wapiga picha wenzangu, na majirani wenye bomba uani, na kwa miaka kumi nimewaonea wivu hata nyuki. Mdudu mwenye ubongo mdogo kuliko punje ya ufuta anaona rangi ambayo mimi na miwani yangu hatutaiona mpaka tunazikwa.

Baba yangu alikuwa na studio Bukavu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Humo ndimo nilimojifunza kazi: kusafisha picha gizani, kumpangusa mteja jasho, kumwinua kidevu bila kumkera. Tulipokimbia niliacha kamera mbili na pazia, nikachukua kitu kimoja kilichoweza kuingia kwenye soksi. Kilikuwa lenzi ya mashine ya kukuzia picha, kubwa kama yai la kuku. Mume wangu aliniuliza njiani kwa nini nimebeba jicho nikaacha kichwa. Lilikuwa jicho la baba, basi.

Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nilifungua studio ya turubai na miti karibu na soko, kwa kamera ya dijitali niliyonunua imeshatumika. Nilipiga picha za vitambulisho, ubatizo na harusi. Nilipopata kompyuta nilijifunza jambo lililonipa jina kambi nzima, kung'arisha nyuso. Bibi harusi alitaka atoke kwenye picha mweupe kuliko alivyoingia studio. Madoa ya mashavuni, weusi wa chini ya macho, kovu la utotoni, vyote nilivifuta. Watu walisema Mama Solange ana mkono mwepesi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji yangu mtayaona hivi punde.

Dokta Mbewe alikuja sokoni kwetu akitafuta lenzi. Yeye ni Mmalawi, mtafiti wa nyuki na mazao ya mafuta, na ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga Area 18 mjini Lilongwe, ileile mnayofanyia kazi hadi leo. Wakulima wa Dowa, wilaya ilipo kambi yetu, walikuwa wamepanda alizeti za aina mbalimbali, na nyingine zilitoa maganda matupu. Yeye alitaka kujua nyuki wanaona nini kwenye ua moja wasichokiona kwenye jingine. Alikuwa na kamera iliyotolewa kioo chake cha ndani ili iweze kupokea urujuanimno, ule mwanga unaopita urujuani na kulikimbia jicho la mtu. Sisi kazini tuliuita mwanga wa nyuki. Tatizo lilikuwa kwamba lenzi zake za kisasa, za bei ya ng'ombe wawili, ziliumeza mwanga huo wote. Zilikuwa na vioo vingi na kupakwa dawa nyingi. Mtu alimwambia lenzi za zamani zenye vioo vichache huupitisha, na mwingine akamwambia kuna mama Mkongomani anayefuga jicho ndani ya soksi.

Tuliifunga lenzi ya baba kwenye kamera yake kwa gundi na kipande cha bomba la plastiki. Tukaweka kioo cheusi mbele yake, kile kinachozuia mwanga mwingine wote, tukaielekeza kwenye alizeti. Ua lile kwa macho lilikuwa la njano tupu. Kwenye skrini likatoka na duara kubwa jeusi katikati, na ncha za petali ziking'aa pembeni. Dokta alirudia kusema zikomo, asante ya kwao, mpaka nikaona aibu. Aliniajiri palepale. Ningependa kuwaambia aliniajiri kwa ujuzi wangu, lakini aliajiri lenzi, na mimi nilikuwa mwenye nayo.

Mama Elia aliajiriwa kwa sababu ya upepo. Mnajua wenyewe kwamba mwanga wa nyuki ni mchache, picha moja inakula sekunde kadhaa, na ua lazima lipigwe mara tatu bila kutikisika: mara moja kwa bluu, mara moja kwa kijani, na mara moja kwa ule usioonekana. Kisha kompyutani tunahamisha. Kijani tunakivika wekundu, bluu tunaivika kijani, na ule usioonekana tunauvika bluu, ndipo tunapata picha inayokisia anavyoona nyuki. Nasema inakisia. Hakuna nyuki aliyewahi kuja ofisini kutusahihisha. Sasa, shina likisogea upana wa uzi tu, picha tatu hazilingani na siku imepotea. Dokta akauliza nani anaweza kushona ukuta wa kitambaa cheusi wa kuzuia upepo, nami mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikamtaja fundi cherehani wa vibanda vitatu kutoka changu.

Alikuwa mwanamke wa Fizi, Mkongomani mwenzangu, mpole, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Alishona ukuta wa pande tatu ulio wazi upande wa jua. Alichukua vibanio vya nguo, akavizungushia sufi, akabana shina navyo bila kuliumiza. Baba yake alikuwa akifuga nyuki, kwa hiyo yeye aliingia mashambani bila kujifunika uso, nao nyuki hawakuhangaika naye. Dokta alipoona mikono ile akamfundisha kamera. Mwezi mmoja, na alikuwa anapiga. Mimi baba alinifundisha miaka mitatu kabla ya kuniruhusu kubonyeza.

Basi ikafika siku ya maji kwenye tembo. Dokta alinipa picha za kwanza za alizeti nizitengeneze na kuzichapa. Nilizifungua nikaona lile duara jeusi katikati ya kila ua, na mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nililiona kama doa la shavuni. Nikalifuta, nikalainisha, nikang'arisha, na maua yakatoka mazuri kama mabibi harusi wa Jumamosi. Nikapanda minibasi pale Dowa na bahasha mapajani, nikayapanga juu ya meza ya Area 18 nikingoja sifa.

Dokta aliyatazama, akayageuza, akayatazama tena. Mama Elia, aliyekuwa amekuja kuleta vitambaa, akainama juu ya meza.

“Mama Solange,” akasema polepole, “umefuta mulango. Nyuki atapitia wapi?”

Dokta hakujua Kiswahili na Mama Elia hakujua Kiingereza. Mkalimani nilikuwa mimi. Nawaambieni ukweli, nilifikiria kulitafsiri vibaya. Nikalitafsiri vizuri kwa sababu ya kukosa uongo wa haraka. Dokta akacheka, akaomba nirudie, akaandika kwenye daftari lake. Tangu siku ile kila mgeni aliyekuja aliambiwa habari ya mlango wa ua, na nasikia hata Capital Hill, makao ya serikali, kwenye mikutano ya wakubwa, alisimulia kuhusu mama mmoja wa Dzaleka aliyeona katika picha kile ambacho wasomi hawakukisema vizuri hivyo. Mama aliyefuta mlango hakutajwa. Hapo labda nilipaswa kushukuru.

Sikushukuru. Wivu ulinikaa tumboni kama nsima iliyolala, ule ugali wa Malawi. Nilihesabu mara ambazo Dokta alitamka jina lake kwa siku na mara alizotamka langu. Nilivichukia vile vibanio vyake vyenye sufi. Lenzi ilikuwa ya baba yangu, ujuzi ulikuwa wa familia yangu, Kiingereza kilikuwa changu, na sifa zilikuwa zinakwenda kwa mtu ambaye mwaka uliopita alikuwa ananishonea zipu. Nikiwa naye shambani nilimchekea. Nikirudi nyumbani nilimweleza mume wangu makosa yake mpaka mume wangu akaniomba nimwache ale.

Kisha Dokta akatuita sote wawili. Alisema fedha za mradi zinapungua, na baada ya msimu wa maharage ataweza kubaki na mmoja wetu tu. Huyo atahamia Lilongwe kufanya kazi ya kudumu, naye ataombewa kibali cha kuishi nje ya kambi. Atakayetoa picha safi zaidi za maharage ndiye. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani hiyo ndiyo haki. Mimi nilimfikiria mwanangu Solange na shule ya mjini. Mama Elia naye alikuwa na watoto watatu wa kufikiria, ila mimi hao sikuwafikiria.

Tuligawana siku za wiki. Kila mmoja alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kuweka nyuma ya ua, ili kingo za petali zionekane na kupimwa. Vyote viwili vilikatwa kwenye jora moja la pamba, na vyote viwili alivipinda yeye kwa cherehani yake, changu pamoja na chake, bila kuombwa. Mimi changu nilikifua kwa sabuni ya mche kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Yeye alikuwa ndiye mwenye kufua vitambaa vya Meza ya Bwana kanisani kwao, na kitambaa cha kazi alikifua vilevile: sabuni ya unga, tone la bluu, jua, na pasi ya mkaa. Viwili vikianikwa pamoja, changu kilionekana kama kimetoka kudeki.

Lakini kwenye skrini ilikuwa kinyume. Kitambaa changu kilitoka cheupe. Chake kilitoka cheusi kama kitako cha sufuria. Na ua la maharage meupe, ambalo lenyewe huwa jeusi katika mwanga huo, lilizama ndani ya weusi ule lisionekane linaanzia wapi. Dokta alidhani amekosea muda wa kufungua lenzi, akamwambia aongeze sekunde. Akaongeza. Haikusaidia kitu.

Sababu niliijua mapema kuliko wote, na niliijua kwa bahati tu. Siku moja mkono wa blauzi yangu ya kanisani, niliyoifua kwa sabuni ya unga kwa heshima ya Jumapili, uliingia kwenye picha kwa pembeni. Ulitoka mweusi. Nikaenda nyumbani nikakata vipande viwili vya pamba, nikafua kimoja kwa mche na kingine kwa unga, nikavipiga picha pamoja. Jibu likaja mchana uleule. Sabuni ya unga ina dawa inayong'arisha nguo. Dawa hiyo hula mwanga wa nyuki na kuurudisha kama bluu kidogo, ndiyo maana macho yetu yanaona weupe unaowaka. Kamera yetu, ikiwa na kile kioo cheusi, haitazami huo urudishwaji. Inaona kilicholiwa, yaani giza.

Nilificha vile vipande chini ya godoro.

Siku chache baadaye Mama Elia alinifuata shambani. Alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili.

“Mama Solange, we njo mwenye kujuwa picha. Kitambaa yangu iko na nini? Ya kwako inatoka mweupe, ya mi inatoka mweusi sawa makala.”

Ningeweza kumjibu kwa maneno mawili. Nikamjibu kwa mengine.

“Labda hauifue muzuri.”

Akakiangalia kitambaa, akakubali kwa kichwa. Kesho yake alikifua mara mbili. Wiki iliyofuata alikiloweka usiku kucha katika sabuni ya unga, na kadiri alivyozidisha sabuni ndivyo kilivyozidi kuwa cheusi. Ngozi ya vidole vyake ilianza kubanduka. Mimi nilikuwa naona yote, na nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na huzuni kidogo pia, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Kazi nikaipata mimi. Siku nilipofunga virago Mama Elia alikuja kuniaga, akanipa kibati chenye vibanio vyake vyote. Aliniambia upepo wa Lilongwe ni mwingi. Nikavipokea. Ndivyo vibanio mnavyovitumia ninyi leo, na sufi ile ya kijani ni yake.

Miaka ya Lilongwe mnaijua, kwa hiyo nitaipitia kwa haraka. Mnajua ua la boga linalofunguka alfajiri na kusinyaa kabla hujamaliza chai, na jinsi nilivyolala Area 18 sakafuni ili niliwahi. Mnajua utepe mweupe wa mafundi bomba, ule wa kuzungushia koki, ambao hadi leo hakuna kitu cha bei rahisi kinachourudisha mwanga wa nyuki vizuri kama huo. Msimruhusu mtu autumie bafuni. Mnajua kuvu ilivyoingia kwenye lenzi ya baba, nikaifungua vioo vinne juu ya taulo huku Dokta akitoka nje asione. Na kuna kosa moja nililowakataza kila mmoja wenu siku ya kwanza: msipanguse ua. Vumbi lile na alama ile ni mali ya ua, na sisi hatukuitwa kulipamba.

Ila jambo mnalolijua kuliko yote ni somo la kitambaa. Mwaka wangu wa tatu pale, wenzenu wa kwanza walileta picha zenye mandhari nyeusi, na Dokta akakuna kichwa kama zamani. Nikatoa vipande viwili vya pamba, nikaonyesha kimoja cha mche na kimoja cha unga, nikaweka na picha ya zamani ya kitambaa cha Mama Elia kilichotoka cheusi. Walipiga makofi. Dokta alisema ameteswa na jambo lile tangu Dzaleka, akauliza nimeligundua lini. Nikasema juzi. Akaliita Somo la Mama Solange, na mmoja wenu akaliandika kwa rangi ukutani, juu ya sinki. Kila nilipoosha mikono nilisoma jina langu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua miaka minane.

Baada ya kustaafu nilirudi Dzaleka kukaa na dada yangu. Jumapili ya kwanza alinipeleka kanisani kwao, ambako nilijua ndiko anakosali Mama Elia. Nikaona kitambaa cha Meza ya Bwana kimekunjamana, kina doa la chai. Nikamwuliza mama aliyekaa jirani yangu, Mama Elia amekuwaje, si yeye aliyekuwa akifua vitambaa hivi? Akaniambia aliacha zamani. Alikuja mwenyewe kwa wazee akasema kamera ya Dokta imeona uchafu katika mikono yake ambao macho ya watu hayauoni, na kwamba hawezi kuuweka mbele ya Mungu. Walimsihi. Hakurudi tena kukigusa.

Nilijua nilimnyima kazi. Hilo nilikuwa nimeshalizoea, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu. Hili sikulijua. Mahubiri ya siku ile sikuyasikia.

Jumatatu nilikwenda kwenye kibanda chake na vile vipande viwili na ile picha ya zamani. Alikuwa anashona sare ya shule. Nikasimama, nikamweleza yote, sabuni, blauzi, godoro. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

“Ile siku nilikuuliza,” akasema, “ulikuwa ushajuwa?”

“Nilikuwa nshajuwa.”

“Na ukaniambia sifue muzuri.”

“Njo vile.”

Alikata uzi kwa meno. Nilitaka anipigie kelele, ingekuwa rahisi. Akasema Jumapili nitasimama mbele ya akina mama wote na nitasema kama nilivyosema pale, bila kupunguza na bila kuweka maneno ya kamera wasiyoyaelewa. Kisha akaendelea kushona, nami nikaelewa kwamba nimeruhusiwa kuondoka.

Jumapili nilisema. Hakuna aliyenisaidia. Nilipomaliza, mama mwenye zamu alikwenda mezani, akakitoa kile kitambaa chenye doa, akakileta na kukiweka mapajani mwa Mama Elia. Mama Elia alikikunjua, akalitazama doa. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama sabuni ya unga ipo.

Nje ya kanisa aliniomba ile picha. Aliishika karibu na uso, kwenye jua, na nikangoja aichane. Badala yake akaanza kuisoma.

“Hapa sabuni haikuyeyuka,” akasema, akigusa vidoa vilivyokuwa vyeusi kuliko weusi mwingine. Kidole kikasogea. “Hapa nilikamulia. Unaona mistari? Na huku njo nilishika na mukono wa kushoto, maji haikufika.”

Nikainama. Vidoa vilikuwepo. Mistari ya kukamua ilikuwepo, imejisokota kutoka pembe hadi pembe, na upande wa kushoto palikuwa na kivuli hafifu cha vidole vinne. Nilikuwa nimefundisha kwa picha ile miaka mitano. Nilikuwa nimeikuza, nimeichapa, nimeibandika ukutani, na sikuwahi kuona ndani yake kitu kingine ila giza. Yeye ameishika dakika moja.

Nilikuwa nimetoka kuungama, akina mama wameniombea, na palepale uani wivu ukanirudia wote, mbichi kama siku ya kwanza.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Juu ya sinki futeni jina langu, muandike la Mama Elia. Fanyeni wiki hii, kabla sijabadili nia.